Madigadi ya Draku

Madigadi ya baiskeli ilitundikwa juu ya mlango wa Pasca, mahali ambapo nyumba nyingine za kijijini Ayivu huweka msalaba. Kila Jumamosi aliipangusa. Bati hilo ndilo pekee lililosalia la baiskeli ya marehemu mumewe, Draku, ambaye miaka kumi na miwili iliyopita aliteremka kuelekea kijito na magunia mawili ya muhogo, asionekane akipanda ng'ambo.

Leo chini ya bati hilo alisimama Obitre, mwendesha bodaboda wa Koboko, amekuja kumposa Kevina, binti wa nyumba. Shati lake, ambalo bila shaka liliondoka Koboko likiwa jeupe, lilijaa tope toka ukosi hadi mkanda. Hata nyusi zilikuwa zimeanza kukauka.

"Mwanangu," Pasca alisema kwa upole uliokwisha kunolewa, "umekuja kuposa, au umechimbwa pamoja na muhogo?"

"Nisamehe, mama. Madigadi ya mbele nilitoa kule lami inaishia. Iko hapa, nimefunga nyuma."

"Kwa hiyo wewe uloe, yenyewe ipumzike."

Shemeji yake Pasca, mzee Afedra, akacheka mpaka kiti kikalia. Alikuwa mwanajeshi zamani, na neno likipita mbele yake lazima alisimamishe alikague.

"Madigadi! Babu zetu walilipokea jina hilo pamoja na baiskeli," alisema. "La Kiingereza, gumu kama mfupa. Wakalitafuna likalainika. Gadi walimjua, ni yule anayesimama langoni na bunduki. Wakasema, kumbe huyu naye ni gadi, ila adui yake ni tope. Siku hizi hata kile kipande cha mpira nyuma ya lori ni madigadi. Na kaka yangu Draku tulimwita hivyo hivyo. Matusi ya ukoo mzima yalimpata yeye kwanza."

"Na huyu amemvua gadi wake njiani," Pasca alisema. Akaenda jikoni. Kuhusu Kevina hakutoa jibu.

Chakula kikaliwa, mvua ikanyesha tena, ikaisha. Pasca alipotoka alimkuta Obitre amechuchumaa uani, spana mkononi, anairudisha madigadi mahali pake.

"Acha hiyo," Afedra alikuwa akimwambia. "Udongo wetu ni wa kufinyangia vyungu. Ukijaa humo ndani, gurudumu linakwama ghafla, unarushwa."

"Najua, mzee. Nitaenda polepole. Mama asione aibu, mkwe wake akipita barabarani namna hii."

Nati ya kwanza ikaingia. Pasca alitazama vile vidole, akaviona vingine, vinene zaidi, vikikaza nati kwenye uma wa baiskeli asubuhi moja ya mvua. Na sauti ya mwanamke mlangoni: utaingia soko la Arua na shati chafu, watu waseme huna mke? Draku alikuwa amecheka. Alikuwa mtu wa kucheka.

"Itoe," Pasca alisema.

Obitre akainua kichwa.

"Itoe, baba. Utaifunga ukifika kwenye lami."

Alichuchumaa mwenyewe, akapokea nati moja moja kiganjani, akazifunga katika pembe ya leso na kumpa. Madigadi akaikaza kwenye kiti cha nyuma kwa utepe wa mpira, akavuta, akapima, akavuta tena.

"Draku alikuwa ameitoa," alisema, mgongo kwa shemeji yake. "Siku ile. Mimi ndiye niliyemrudishia."

Afedra aliinuka. Akasogeza kiti chake, akapangusa kingine kwa mkono, akakiweka karibu.

Pikipiki ikanguruma, ikateremka. Kevina alikuja kusimama kando ya mama yake. Kule chini, kwenye kijito, mlio ukafifia, ukapotea kabisa. Pasca alishika mkono wa binti yake, akasikiliza.

Ukaanza kupanda ng'ambo.

"Mwambie," alisema, bila kugeuka, "siku ya kuja na wazee wake, avae shati jeusi."