Wingu la Zambarau

"Ndugu wanafunzi, leo elimu ya dunia inafungua ukurasa mpya," Profesa alitangaza, na kiti alichosimama juu yake kikavunjika mguu.

Wanafunzi wenzake, waliompachika jina hilo, walimcheka mpaka wakafuta machozi. Yeye alijipangusa kaptula, akapanda meza. Hakukuwa na muda wa kuona haya. Mwalimu wa fasihi alikuwa ameapa: asiposhawishika kwamba filamu ya katuni waliyoipenda utotoni ina maana ya ndani, Jumamosi darasa zima litafanya hesabu badala ya kuitazama. Kila mtu alimtegemea Profesa, hata pacha wake, aliyekaa mbele amekunja mikono.

"Mnamkumbuka msichana aliyempanda konokono kwenda kurudisha alfajiri iliyoibwa na mfalme," alianza, sauti nzito kama ya mhubiri msibani. "Konokono ni subira. Gamba ni nyumbani: hutoki ukaacha kwenu. Lakini nani amejiuliza kuhusu wingu la zambarau?"

"Wingu gani tena?" aliuliza mmoja wa nyuma.

"Pembe ya juu ya picha, kulia. Halibanduki tangu mwanzo hadi mwisho. Ile ni dhamiri ya mfalme, mwanangu. Alfajiri utaiba, dhamiri itakukalia utosini."

Mwalimu aliacha kusahihisha madaftari. "Hiyo nzuri," alisema polepole. "Nimeitazama na wanangu mara ishirini, sikuliona. Hebu tulione."

Akawasha projekta. Profesa akawakonyezea wenzake. Jumamosi alikwisha kuitia mfukoni. Ukutani akatokea konokono, gamba likimeremeta, na juu yake mbingu. Pembe ya kulia ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mwalimu akasogeza mbele. Safi. Akasogeza tena. Safi vilevile.

"Labda nakala hii imepauka," alisema Profesa.

Pacha wake akainuka taratibu. "Wingu hilo nalijua. Lilikuwa kwenye televisheni yetu ya nyumbani, ile ya kizamani yenye chogo. Hata msoma habari alikuwa nalo. Mama alisema nimeimwagia maji. Likizo nzima niliadhibiwa kukaa jikoni, filamu nikiisikilizia ukutani."

"Maji hayafanyi hivyo," alisema mwalimu. "Hiyo ni kazi ya sumaku. Kuna mtu aliibandika kwenye kioo."

"Sumaku kama ya spika ya redio?" aliuliza pacha. "Maana redio ya babu ilikutwa imefumuliwa wiki ileile."

Darasa zima likamgeukia Profesa. Kuna aliyekuwa ameng'ata kola ya shati asicheke.

"Haya, bwana mkubwa," alisema mwalimu. "Ukisema kweli, Jumamosi ni yenu. Lile wingu lina maana gani?"

Profesa akashuka mezani, safari hii kwa uangalifu.

"Dhamiri, mwalimu. Hapo sikukosea," alisema, akimtazama pacha wake. "Ila si ya mfalme. Sumaku niliiweka mimi, dada. Nilitaka kuona kama konokono atavutika."