Namba ya Mhoja

Mwaka 1952, miezi miwili baada ya kumzika baba yake, Koleta Themanini alitaka marehemu aandikwe kanisani, Tabora, pamoja na waliotumika vitani. Padri akamuuliza ukoo wa Themanini ulitoka wapi. Koleta hakujua. Baba hakuwahi kusema.

Akamwendea Mzee Mfaume, fundi cherehani wa Ng'ambo, aliyebeba mizigo ya Wajerumani pamoja na baba yake mwaka 1916.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alimsikiliza, kisha akasimamisha cherehani. "Hilo si jina la ukoo. Ni namba. Kila mpagazi alivaa kibati cha namba shingoni, na kwa namba hiyo alipewa posho. Baba yako alikamatwa njiani abebe mizigo, tulipokuwa tumeshaikimbia Tabora. Hakuandikwa. Siku nne hakula."

"Sasa namba aliipata wapi?"

"Kwa Mhoja, mtu wa Goweko. Kuhara damu kulimwangusha kusini ya Sikonge. Baba yako akamvua kibati."

"Alipokwisha kufa?"

Mfaume aliinamia kitambaa. "Alikuwa anapumua. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Tukamwacha kando ya njia."

Modest, kaka yake Koleta, alimkataza kuigusa habari ile. "Unataka wanangu waitwe watoto wa wezi?" Koleta akapanda treni peke yake.

Goweko alimkuta Paskazia, dada yake Mhoja, akipepeta mtama. Alikuwa kikongwe, jicho moja limefumba. Koleta akapiga magoti, akaeleza.

"Alipovuliwa," Paskazia aliuliza, "alikuwa amekufa?"

Koleta angeweza kusema ndiyo. "Hapana, bibi. Alikuwa hai."

Kikongwe aliendelea kupepeta mpaka mtama ukaisha. "Mama yetu alimwekea chakula kila siku hadi alipokufa mwenyewe," alisema. "Hatukumlilia. Utamliliaje mtu ambaye huenda yu hai?"

Hakumfukuza Koleta, wala hakumpa maji. Jioni aliita majirani, wakatandika mikeka, matanga ya Mhoja yakaanza, miaka thelathini na sita baadaye. Koleta alikaa karibu na mlango, hakuna aliyemsemesha. Siku ya tatu Paskazia alimletea bakuli la uji, akaliweka chini, akarudi kukaa na wenzake.