Taa ya Uvunguni

Siku kinyozi alipoliingiza gari la mkunga mtaani, honi ikiwa mbovu na yeye akiipiga kwa mdomo, "Piii! Piii!", fundi cherehani alijichoma kidole kwa sindano. Alikinyonya kidole, akainamia suruali ya mteja na kujifanya hajasikia kitu. Lakini gere, wivu wenyewe, lilikuwa limeshamwingia.

Kinyozi mwenyewe hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa vicheko ambaye kila jambo humnyookea bila hata kutoa jasho. Na gari lile, jamani, fundi alilitamani tangu cherehani yake ikiwa mpya. Lilikuwa gari la zamani, la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo kama macho ya mtoto aliyeshtuliwa usingizini, na lilikaa chini ya turubai nyuma ya nyumba ya mkunga mstaafu. Fundi akipita pale, alichungulia gari kwanza ndipo akamsalimu mama wa watu.

Mfuko wake ukiwa mwembamba, alibuni njia yake. Alilinunua gari kipande kipande kwa wauza vyuma chakavu, vipuri vya magari ya aina ile ile: leo kioo cha pembeni, mwakani honi, baadaye vifuniko vya magurudumu, kisha taa ya nyuma. Kila kitu alikifunga kwenye vitambaa vilivyobaki kazini na kukisukumia uvunguni mwa kitanda. "Sisi tunalalia gari," mkewe alikuwa akisema, "limebaki kutupeleka tu." Fundi alimwapisha asimwambie mtu yeyote, hata ndugu zake wa damu. Na ili asitokee mjanja wa kumzidi kete, akawa analiponda gari lile kila alipokaa. Kopo lile! Banda la kuku! Atakayelinunua atakula hasara mpaka ashike tama!

Maneno hayo yakamfikia mkunga, akayasikia mpaka akayaamini. Basi siku kinyozi alipokwenda kumpunguza nywele nyumbani na kulisifia gari lake, bibi wa watu alishangaa kweli, akamwachia kwa bei ya kutupa. Fundi alikuwa amelishusha bei kwa mdomo wake mwenyewe, halafu faida ikaenda kwa shemeji.

Tangu hapo fundi hakuwa na raha. Alimshonea mteja suruali, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Gari likipita, watoto wanalikimbiza, kina mama wanapunga mikono, yeye anasonya.

"Hebu ona anavyobadilisha gia," alimwambia mkewe. "Utadhani anang'oa jino. Gari la heshima kama lile linataka mtu mwenye mkono wake."

Mkewe alimtazama, akaenda zake jikoni.

Jioni moja kinyozi akaja amenuna, naye si mtu wa kununa. Askari wa barabarani walikuwa wamemsimamisha. Gari halina taa ya nyuma upande mmoja, wakamwambia, na lisionekane barabarani mpaka taa ipatikane.

"Shemeji, wewe unajuana na wale wauza vyuma," alisema. "Hujawahi kuiona kwao?"

Taa yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta ule ule alioegemea fundi.

"Taa ya gari lile?" Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Hiyo sahau, shemeji. Zilishakwisha duniani."

Mkewe alikuwa akikunja nguo. Aliziacha, akaingia chumbani na kujitupa kitandani kwa kishindo mpaka vyuma vikalia. Fundi akakohoa kwa nguvu kufunika mlio.

Basi akangoja. Alijua shemeji yake hana subira, na gari lisilotembea humchosha mwenye nalo. Katika siku hizo alikuwa mwema ajabu. Alimpa pole kila walipokutana, akamshonea hata koti jipya la kinyozi bila kumdai kitu. Na kweli, kinyozi akazunguka kote, akarudi mikono mitupu.

"Nimenyoosha mikono, shemeji. Lichukue wewe. Nirudishie tu kile nilichompa yule mama, hata pole pole. Afadhali libaki kwa ndugu."

Fundi alitaka kuruka. Akajibu kwa sauti ya mtu anayetwishwa mzigo, "Haya, kwa ajili yako tu."

Siku ya makabidhiano mtaa mzima ulikusanyika mbele ya kibanda cha kinyozi. Fundi alipokea ufunguo, akaketi nyuma ya usukani, akavuta harufu ya viti. Roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya sindano.

"Washa basi, shemeji! Nyumbani ni hapo nyuma tu, askari hawafiki."

Fundi akatazama chini. Pedali zilikuwa tatu, na yeye alikuwa na miguu miwili. Miaka yote ile alikuwa amekusanya kila kitu cha gari, ila hakuna aliyewahi kumpa gari ajifunzie, na yeye hakuwahi kuomba.

"Shemeji," alinong'ona, "mimi sijui kuendesha."

Watu wa mbele walisikia, wakawapasha wa nyuma, na kicheko kikatembea mpaka mwisho wa mtaa. Kinyozi peke yake hakucheka. Alifungua mlango. "Sogea huko. Nitakuwa nakuendesha mpaka ujue." Wema ule ulimuuma fundi kuliko kile kicheko.

Hapo mkewe akapenya katikati ya watu, akamwekea mdogo wake furushi la kitambaa mikononi.

"Ifunge," alisema. "Ilikuwa uvunguni siku zote."

Kinyozi alifungua kitambaa, akaitazama taa, akamtazama shemeji yake. Alikwenda nyuma ya gari, akaifunga, ikakaa sawasawa. Akarudi, akaketi, akawasha.

Watoto walilikimbiza wakiita, "Kinyozi! Kinyozi!" Fundi akainua mkono kuwapungia, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Akaushusha, akautazama mkono wa shemeji yake. Kwa karibu vile aliona wazi kwamba anabadilisha gia vizuri sana, taratibu, na wivu ukaanza upya.