Hotuba Isiyo na Salamu

Kwiiii! Kipaza sauti kilipiga ukelele nyuma ya ghala, na Kihara, aliyekuwa bado anapanda mteremko kati ya mibuni, akajua mkutano umeanza bila yeye. Akakaza mwendo. Leo wanachama wa ushirika wa maziwa wa kijiji chao, huko Mukurweini, walikuwa wanapiga kura: tangi la kupozea maziwa libaki hapa, au lihamishiwe sokoni, ng'ambo ya mabonde mawili. Mama yake, Kabura, hubeba maziwa mgongoni, na nyonga yake ilikuwa imeanza kumsaliti.

Alikuwa amejiandaa. Wiki nzima aliwahutubia ng'ombe zizini, simu ameiegemeza kwenye ndoo, na mwalimu wa ndani ya simu akimfundisha: usipoteze muda na salamu, washtue kwa neno la kwanza. Kihara aliyameza yote bila kutafuna.

Zamu yake ilipofika alisimama wima, akawakazia macho.

"Ni nani hapa anataka kumuua mama yangu?"

Gathogo, mwenyekiti mwenye kiwanja chake kule sokoni, akacheka puani.

"Ati nini? Wewe kijana wa Kabura, umetoka nyumbani ama msituni? Hata Bwana asifiwe hakuna?"

"Sikuja kusalimia watu. Nimekuja kuwaambia ukweli."

"Basi ambia ng'ombe!" akadakia jirani yao, Waweru. "Hao wamekuzoea. Wiki yote unawapigia kelele, sasa hata maziwa wamekataa kutoa!"

Watu wakaangua kicheko.

Huku kwao, asiyesalimia mkutano akaitikiwa ni kama aliyeruka ua: hata akileta dhahabu ataitwa mwizi. Kihara alilijua hilo tangu utotoni. Ila kwake salamu ilikuwa kuomba ruhusa, naye hakuzaliwa kuomba ruhusa. Akaendelea: nyonga, mabonde, tope la Aprili, maneno mazuri aliyoyapanga kwa vina. Wanawake wakamgeuzia migongo, wakaanza kupiga soga. Akapandisha sauti. Nao wakapandisha.

"Mnyang'anyeni hiyo maiki!"

Kura ikapigwa. Hata waliokuwa wakiteswa na mabonde yale yale waliinua mikono tangi lihame, ili tu kumkomesha. Likaenda.

Kabura alimngoja langoni, uso ameukunja.

"Hao wanawake nilikuwa nimeongea na wao. Tulikuwa tumekubaliana. Ungesema tu, 'Hamjambo, mama zangu,' hiyo tangi ingebaki."

"Hawa watu ni wajinga, mama."

"Wajinga ni mama zako, na mimi ni mmoja. Umewatukana ukitumia mgongo wangu."

Neno hilo lilimchoma kuliko zomeazomea yote. Wakati huo huo Gathogo akapita, kofia mkononi. "Mama Kihara! Habari ya jioni?" Sauti tamu kama asali, na Kabura akalazimika kumwitikia vizuri.

Kihara alisubiri mpaka yule mtu akapotelea kwenye kona, meno ameyauma.

"Mama, nisikilize. Kuanzia kesho maziwa yatavuka mabonde hayo mgongoni mwangu, si mwako. Na mkutano ujao nitawasalimia wote mpaka wachoke kuitikia. Huyo Gathogo nitamsalimia wa kwanza, kwa heshima zote. Halafu ndio atanijua."