Pazia la Upande wa Barabara

Asubuhi ya Sikukuu ya Mtakatifu Patriki, Malachy Durkan alimwomba mkewe mambo mawili: amnyoe ndevu, na amwachie dirisha la upande wa barabara wazi kidogo, aisikie bendi ikipita. Attracta akamnyoa taratibu, akambandika kifuani kishada cha shamroki, yale majani matatu-matatu ya sikukuu hiyo, akalisukuma dirisha juu mpaka upepo wa Machi ukaingia. Daktari alikuwa amemwambia kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, kwamba mgonjwa hatafika jioni. Gwaride lilikuwa linaanza baada ya misa ya mchana. Kwa hiyo Attracta hakuomba muujiza. Aliomba saa chache tu, na aliziomba kwa hasira, maana aliona ni haki yake.

Bendi ya filimbi ya mji wa Derrinagh ilikuwa ndiyo mtoto wa Malachy, mwingine hawakujaliwa. Aliwafundisha wote, mababa na baadaye wana wao, katika banda la nyuma ya duka lake la viatu, na hakuwadekeza. Alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, usikimbize wimbo. Mwenda pole hajikwai. Ya pili, ukipita nyumba iliyoshushwa pazia mchana, filimbi chini. Derrinagh nzima inajua kwamba pazia la upande wa barabara likishushwa mchana, ndani kuna maiti. Hapo bendi hupita kimya, mpiga ngoma akigonga ukingo tu kwa kijiti ili miguu isipotee. Mwaka mmoja Fintan Gaughan, ujana ukimsumbua, alipuliza noti mbili mbele ya nyumba ya msiba, na Malachy akamnyang'anya filimbi watu wote wakitazama. Leo Fintan huyohuyo ndiye aliyeshika fimbo ya kiongozi.

Upande wa pili wa kitanda alikaa Philomena, dada yake Malachy, rozari mkononi. Philomena ni mtu wa kujiandaa mapema. Mishumaa ya maiti alikuwa ameshaiweka kwenye droo, na kule chini jikoni kulikuwa na paja la nguruwe lililochemshwa tangu jana kwa ajili ya wageni wa matanga, na kaka yake bado anapumua. Attracta kila alipoisikia harufu ya nyama ile ikipanda ngazi, alitamani kuitupa nje, sufuria na mwenye sufuria.

"Wameshafika darajani?" Malachy aliuliza bila kufumbua macho.

"Bado, mzee wangu. Ndiyo kwanza wanajipanga kanisani."

"Fintan atakimbiza."

"Hakimbizi."

"Atakimbiza. Kwaresima nzima hajaonja pombe, leo ndiyo ruhusa yake, na baa iko mwisho wa barabara."

Attracta alicheka. Philomena akainua kichwa. "Kaka, hayo si maneno ya mtu anayekwenda mbele ya Mungu."

"Kwani nakwenda leo? Leo kuna gwaride."

Baada ya hapo alichoka. Pumzi yake ikawa inakwenda, inasimama, halafu inakumbuka kurudi. Kila iliposimama, Attracta naye alisimamisha yake. Nje mvua ilikatika. Watoto walikuwa wamejaa kando ya barabara na bendera zao, na mbele ya posta, karibu kabisa na duka la viatu lililokuwa chini ya chumba hicho, Dinny Lavelle muuza nyama alikuwa juu ya lori na kipaza sauti chake, akiwatania wapitaji wote.

"Hao ni wazima moto wetu," ilisema sauti ya Dinny. "Wamefika mapema. Siku nyumba yangu ilipoungua sikuwaona hivi."

Watu wakacheka. Wazima moto wakapita, shule ya msingi ikapita. Jua likatoka ghafla, kali, likaingia dirishani na kumpiga Malachy usoni. Akakunja uso, akajaribu kuinua mkono, mkono ukakataa.

"Jua linamuumiza," Philomena alisema, akavuta kamba, pazia likashuka.

"Afadhali," alisema Attracta, akainama kumlowesha midomo. Ndivyo walivyofanya, wanawake wawili waliozaliwa mji huo, na hakuna hata mmoja aliyefikiri. Ukiwa ndani, pazia ni la kuzuia jua tu.

Ndipo ngoma kubwa ikasikika darajani. Malachy akafumbua macho. Filimbi zikafuata, zote kwa pamoja, wimbo uleule ambao bendi huuanzia darajani kila mwaka, na Attracta akamshika bega, akaona vidole vyake vikianza kujongea juu ya blanketi kama vinaziba matundu ya filimbi. Sauti ilipanda kilima, ikapita kinyozi, ikapita duka la mkate. Bado kidogo, alimwambia Mungu. Usimguse. Bado kidogo.

Karibu na posta, filimbi zikanyamaza.

Kilichobaki ni kijiti kwenye ukingo wa ngoma, tak, tak, na miguu. Hata watoto walinyamaza. Vidole vya Malachy vikasimama. Akageuza macho kumtazama mkewe.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Jibu likaja kupitia dirishani, kwa sauti ya Dinny Lavelle, nzito, isiyo na utani. "Ndugu zangu, tuvue kofia. Mungu amlaze mahali pema Malachy Durkan, mwalimu wa bendi hii."

Rozari ikamponyoka Philomena.

"Kumbe ni mimi," alisema Malachy.

Attracta alilitazama pazia, akaelewa. Miguu ilikuwa inapita chini yao, inapita, inakwisha. Gwaride la Derrinagh halijawahi kurudi nyuma. Akaruka, akavuta kamba kwa nguvu mpaka pazia likang'oka upande mmoja, akalisukuma dirisha hadi juu, akatoa kiwiliwili nje. Barabara nzima ilikuwa imevua kofia. Wote walimtazama kwa huruma, na safu ya mwisho ya bendi ilikuwa imeshapita mlango wake.

"Hajafa," alipaza sauti. "Fintan, hajafa. Lilikuwa jua tu. Geukeni, anawangoja."

Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Dinny alikitazama kipaza sauti chake kama kimemuuma. Fintan akageuka, akamwona. Nyuma yake trekta lenye tela la timu ya mpira lilikuwa linakaribia. Fintan akainua fimbo kulisimamisha, na bendi ikageuka safu ndani ya safu, vile Malachy alivyowazungusha miaka yote katika lile banda, ikarudi kinyume na gwaride mpaka chini ya dirisha. Wakapuliza kwa nguvu zote, vioo vikatetemeka.

Attracta alirudi kitandani. Vidole vya Malachy vilikuwa vimeanza tena, polepole kuliko bendi.

"Si nilikuambia," alisema. "Anakimbiza."

"Mwache leo, mzee wangu."

Malachy alikuwa anatabasamu. Vidole vikaziba tundu moja juu ya blanketi, vikaziba la pili, vikatulia. Attracta aliingoja pumzi ikumbuke kurudi. Aliingoja sana.

Philomena naye aliona. Alinyanyuka bila kelele, akazunguka kitanda, akalishika pazia lililong'oka upande ili alivute chini. Attracta akamdaka kiganja.

"Wifi, liache."

"Wifi, ni dhambi. Ngoma inapigwa juu ya maiti."

"Ni dhambi yangu. Kaa naye."

Philomena akakaa, akauchukua mkono wa kaka yake na kuuweka mapajani mwake. Attracta akasimama dirishani. Chini, Fintan alikuwa amemkazia macho, nyusi zimepanda, akiuliza.

Attracta aliinama nje, uso mkavu. "Anasema unakimbiza," alimwambia.

Barabara yote ilicheka, Dinny akicheka ndani ya kipaza sauti, na hata Fintan mwenyewe, masikio yakimwiva. Attracta akaanza kupiga mdundo kwa kiganja kwenye ukingo wa dirisha, taratibu, mwendo wa vile vidole, na Fintan akaufuata. Bendi ikatulia. Ikapuliza wimbo mpaka mwisho jinsi ulivyotakiwa kupulizwa, ikageuka, ikaondoka ikiupuliza tena, trekta likafuata, watoto wakipunga bendera kuelekea dirishani naye akiwapungia.

Hakuondoka pale mpaka filimbi ya mwisho ilipopotea nyuma ya baa. Kisha akapanda kiti, akalipachika pazia mahali pake, akalishusha.