Sharti la Kumi na Saba

Gertrude alikuwa mtu wa kwanza kupanga kazi kwa kompyuta katika kampuni moja ya chokaa pale Likasi. Walimpeleka Lubumbashi wiki tatu, akarudi na programu. Unaiambia madereva ni wangapi, wapakiaji ni wangapi, kila lori linabeba tani ngapi na kiwanda kipi kinangoja chokaa siku gani, nayo inatafuta mpango unaopoteza saa chache kuliko mingine yote. Kazi yake ilikuwa kuiwekea masharti. Dereva asizidi saa kumi barabarani. Lori kubwa lisipite njia ya Mwadingusha mvua ikinyesha. Masharti yalikuwa kumi na sita, na mwaka mzima hakuna aliyemlalamikia.

Mumewe, Fidèle, aliendesha lori kubwa la kupeleka chokaa viwanda vya Kakanda. Karibu kila wiki programu ilimpangia Laure, mwanamke aliyeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Sababu ilikuwa wazi: Laure alilijaza lori lile kwa dakika arobaini, wengine walihitaji saa moja na nusu. Gertrude alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini jioni moja Fidèle, akimega tonge la bukari, ugali wa kwao, alisema kwamba Laure hajawahi kupasua hata mfuko mmoja. Juma lile lile akalisema tena. Mara ya tatu alicheka kwanza peke yake, kisha akasimulia neno la Laure ambalo Gertrude hakuona linachekesha wapi. Katika miaka kumi na minne ya ndoa hakukumbuka kumsikia akimsifu mtu kwa kazi, hata mkewe siku aliporudi na cheti.

Kesho yake alipita makusudi kwenye uwanja wa kupakilia. Aliwakuta Fidèle na Laure wameketi juu ya mbao za kupangia mifuko, kila mmoja na kipande chake cha mkate, wakitazama lango. Hawakugusana. Hawakuwa hata wakizungumza. Hicho ndicho kilichomuuma, ukimya wa watu waliozoeana.

Alirudi ofisini akaandika sharti la kumi na saba: Fidèle na Laure wasipangwe zamu moja. Programu ilitii papo hapo. Saa zinazopotea kwa wiki zikapanda kutoka arobaini na moja hadi sitini na tatu. Aliitazama tarakimu ile, akaiacha. Mkuu wa kazi, Patrice, alipouliza, alijibiwa kwamba ni mvua.

Laure akapelekwa ghala la Buluo, nje ya mji. Fidèle akawa anapakiliwa mzigo na Dodo, mtu mwema lakini mzito, na lori likawa linatoka jua limeshapanda. Akifika Kakanda anakuta foleni ndefu ya kushusha, na kwa kuwa saa zake kumi zimekwisha, analala huko huko, mara tatu kwa wiki. Hilo Gertrude hakuwa amelifikiria. Alikuwa amemwondoa mumewe kwa mwanamke aliyeweza kumwona kupitia dirisha la ofisi, akampeleka mahali asipojua yuko na nani. Akawa anampigia simu bila sababu, akisikiliza sauti zilizo nyuma yake kuliko maneno yake.

Mwezi wa pili tangu sharti lile, kiwanda kimoja cha Kakanda kilisimama nusu siku kwa kukosa chokaa. Wahandisi wake wakaandika kwamba watakuja Alhamisi kuusoma mpango, sharti kwa sharti. Gertrude angeweza kufuta mstari mmoja tu, mambo yakaisha. Jumatatu, alipokuwa ameshaufungua mpango, Laure akabisha hodi.

Hakukaa. Alieleza kwamba mama yake alipooza upande mmoja tangu Pasaka ya mwaka jana. Yeye alipokuwa akifanya kazi hapa mjini, saa sita alikimbia nyumbani kumlisha na kumgeuza. Kutoka Buluo hawezi, na majirani wameanza kuchoka.

“Yaya Gertrude,” alisema, akimwita kama dada mkubwa, “miye iko na kosa gani? Uniambie, nirekebishe.”

Gertrude alisema kwamba si yeye, ni kompyuta inayopanga.

“Na yenyewe inapangaka vile muntu anaiambia,” Laure alisema, bila ukali, akaondoka.

 Gertrude alikaa na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Kisha, badala ya kufuta, aliuchapa ukurasa ule kama ulivyo, akampelekea Patrice. Patrice alisoma majina yale mawili, akavua miwani, akauliza kama Fidèle anajua. Hapana, alisema Gertrude.

“Basi umuambie mbele ya Alhamisi. Bageni batasoma, na miye sitadanganya.”

Kazi ya kupanga akapewa Michelle wa ofisi ya mauzo, Gertrude akahamishiwa bohari kuhesabu mifuko. Laure alirudishwa mjini wiki ile ile.

Jioni ile Fidèle alisikiliza yote akiwa amesimama, viatu bado vina vumbi la chokaa. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba Gertrude angemuuliza yeye kwanza.

“Na ningekuuliza, ungejibu nini?”

Fidèle aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu.

“Kama ninapenda kutumika kazi na ye. Asubuhi nafika pale na furaha. Hakuna kingine, Mama Bénie. Lakini hiyo iko.”

Gertrude alikuwa amejiandaa kwa uongo au kwa kiapo. Jibu hili hakuwa na pa kulishikia. Usiku ule walilala wakipeana migongo, na siku zilizofuata, hata Alhamisi wahandisi walipokuja kuusoma mpango, walizungumza mambo ya Bénie na wadogo zake tu.

Jumamosi Gertrude alipika maharagwe na samaki mkavu, akaenda nayo kwa Laure. Laure alimpokea mlangoni, mikono ina maji, maana alikuwa akimwogesha mama yake. Gertrude aliomba msamaha kwa maneno machache, akataja sharti lenyewe na sababu yake. Laure alisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua sufuria, akasema asante, atairudisha. Hakumkaribisha ndani.

Njiani Gertrude alitambua kwamba muda wote ule, hata akiomba msamaha, alikuwa akiitazama shingo ya Laure na kuiona nzuri. Nyumbani Fidèle alimuuliza alikotoka. Alimwambia. Fidèle akamsogezea kiti.