Tundu Lililozibwa

Siku ya Jumatatu pikapu ya Bronwyn ilizima kwa mara ya tatu, safari hii katikati ya kivuko cha Kijito cha Gidgee, pale magari yanapopita majini, maji yakiwa usawa wa milango. Ilikaa kimya dakika nzima kabla ya kukubali kuwaka. Alipofika nyumbani alimsimulia baba yake kwa sauti ya kawaida tu, na Clem akashika ukingo wa meza. Miaka tisa nyuma mkewe alizimikiwa na gari kwenye kivuko hichohicho, akashuka ili avuke kwa miguu, maji yakamchukua, maiti yake ikapatikana siku ya pili yake.

Bronwyn alikuwa muuguzi wa kuzungukia mashamba ya ng'ombe. Alhamisi alitakiwa avuke tena kwenda kumpima mama mjamzito, na habari ya kutokwenda hakutaka hata kuisikia. Kwa kukihofia kivuko hicho, msimu wa mvua ulipokaribia, Clem alikuwa amemfungia bomba la hewa, lile jeusi linalopanda kando ya kioo hadi juu ya paa, ili injini ivute hewa juu ya maji. Alikuwa fundi wa magari kwa miaka arobaini. Kazi ile aliifanya siku mbili, kila kiungo akakipaka silikoni ya kuzuia maji. Wanaume wa huko wana ugonjwa huo. Wakiuogopa mto, huziba kila tundu wanaloliona, kisha hujisifu kwenye baa kwamba hata sisimizi hapiti.

Gari ilipoanza kuzima, Clem alisema bila kusita kuwa ni dizeli chafu. Bronwyn akaenda kwa Darryl, mwenye pampu ya mafuta, akamsema mbele ya wateja mpaka akamaliza. Darryl alimsikiliza akijifuta mikono.

"Dizeli yangu haina maji, Bron," alisema. "Maji yote nayatia kwenye chai, muulize baba yako."

Watu walicheka, Bronwyn hakucheka. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Jumatano asubuhi, mvua ikiwa imepumzika, Clem alifungua boneti. Alianza na filta ya dizeli, akaimimina kwenye chupa ya kioo na kuiinua juani. Ilikuwa safi, haina hata tone la maji. Akakagua nyaya, akakagua mipira, akaiwasha injini, ikanguruma vizuri kabisa. Hilo ndilo lililomshtua. Alikumbuka kwamba mara zote tatu gari ilizima siku ya mvua kubwa, baada ya mwendo mrefu, na mara mbili kati ya hizo hapakuwa na kivuko chochote.

Akazima injini na kufungua kasha la filta ya hewa. Ndani mlikuwa na maji kiasi cha kikombe, na filta ya karatasi ilikuwa imelowa nusu, injini ikikosa hewa. Gari ikikimbia mvuani, bomba huchota matone. Kila fundi analijua hilo, na chini ya kasha kuna tundu lenye mpira la kuyatoa. Clem alipitisha kidole pale chini. Kilikutana na donge la silikoni, limelainishwa vizuri kwa dole gumba, kama alivyozoea kulainisha kazi zake zote.

Kisu kilikuwa mfukoni. Angekata donge lile, angekausha kasha, angeweka filta mpya, na hakuna ambaye angejua. Darryl angeendelea kubeba lawama, na lawama haimwui mtu. Clem alikitoa kisu hadi nusu. Kisha akajaribu kukumbuka siku aliyoliziba tundu lile, akajaribu tena, na hakukumbuka chochote. Hapo hofu ilimwingia kwelikweli. Kama hakukumbuka hili, ni lipi jingine alilolifanya?

Alimwita binti yake, akamwonyesha maji, akamwonyesha donge.

"Dizeli ya Darryl haina kosa," alisema. "Nimeliziba mimi, na sikumbuki."

Bronwyn aliligusa donge kwa kidole.

"Ningefia palepale alipofia mama."

"Najua."

"Na mengine je, baba? Umeziba nini kingine?"

"Sijui, mwanangu. Ndiyo maana nimekuita."

Bronwyn akanyoosha mkono, Clem akampa kisu. Walifanya kazi hadi saa saba mchana. Clem alitaja kila kiungo na kazi yake, Bronwyn akakifungua, akakitazama kwa macho yake na kukifunga mwenyewe. Baba yake aliponyoosha mkono kukaza skrubu ya mwisho, Bronwyn aliuondoa taratibu. Akafunga boneti, akasema anakwenda kwanza kwa Darryl kumwomba radhi.

"Kesho nitaikagua tena kabla sijatoka," alisema. "Wewe lala tu, baba."

Kwa miaka arobaini hakuna aliyewahi kumwambia Clem alale ilhali kuna gari ya kukaguliwa. Alijibu, "Sawa." Ilimuuma kuliko alivyotarajia, ingawa alijua binti yake alikuwa na haki.